Buni Mbili Kikombeni

Loiyangalani
16 Januari 2025

Kwa Mama Fathia, mke mwenzangu,

Salaam aleikum. Mimi mzima, mzee wetu mzima, na hata hiki kigari kizima ingawa kimekohoa kutoka Laisamis mpaka hapa. Habari ya Isiolo? Habari ya mbuzi wangu wawili? Tafadhali usiwafungulie mlango wa nyumba yangu, wanakula mapazia.

Nakuandikia kwa karatasi kama ulivyoniagiza, na ulisema kweli. Kwa simu hakuna siri na mume wetu Hersi. Kukaa juu ya injini miaka yote hiyo kumemharibia masikio, sasa kila simu lazima iwekwe spika. Hata yangu nikiipokea, yuko hapo kando, anataka na yeye asikie. Jana mwanangu Abdirahim alipiga kuniuliza kama tumbo limefunguka. Wallahi hoteli nzima ilinyamaza kungoja jibu langu. Kwa hivyo barua hii naipa lori la samaki linaloshuka huko, dereva ni Guracha, unamjua, yule mwenye jino la dhahabu.

Basi, ziwa. Yaani maji mengi hivi, ya kijani, na hakuna mtu anayenywesha ng'ombe! Upepo nao haupumziki, umeninyang'anya mtandio mara mbili mbele ya wanaume. Mzee enzi za lori alikuwa akifika hapa, anapakia samaki, anageuza. Hakuwahi kushuka kuangalia. Leo ameketi juu ya jiwe tangu alasiri, amevua viatu, anatazama tu. Nikamwambia, haya, umeona, tufanye nini sasa? Akasema, "Tunaangalia." Hiyo ndiyo safari ya kustaafu, abaayo, dada yangu. Kuangalia. Unajua ile orodha aliyoandika nyuma ya kalenda: mahali pote alipopakia au kushusha mzigo akaondoka bila kupaona. Daktari wa macho amempa mwaka huu peke yake wa kuendesha masafa, basi anaikimbiza kweli kweli. Bado Kisumu, bado Kakamega, na mwisho Loitokitok.

Jambo moja linanikera moyoni. Wewe ndiye mke wa kwanza, na safari ya kwanza ilikuwa haki yako kwa macho ya watu. Lakini shehe alisema mume wa wake wawili akisafiri na mmoja lazima kura ipigwe asije akapendelea, na kura ilipigwa kwako, kwa kikombe chako cha bati, kwa mkono wako mwenyewe ulifunga buni moja uzi mwekundu wako na nyingine uzi mweupe wangu. Hersi akafumba macho, akachomoa mweupe. Sikuomba. Usininunie nikirudi.

Ni mimi,
Abiba


Isiolo
20 Januari 2025

Abiba,

Waaleikum salaam. Mbuzi wako wazima. Mmoja ameingia, amekula pazia. Usiniulize mlango ulifunguliwa na nani.

Barua hii inakuja na gari la miraa la Mugendi hadi Marsabit, huko ataipa mtu. Sijanuna. Kununia safari ya kwenda kupigwa na upepo! Kaa nayo.

Nyumba imetulia. Tangu Hersi auze lori, siku za zamu yangu ananifuata kutoka jikoni hadi uani, kutoka uani hadi dukani. Ananiuliza kwa nini chumvi inaingia kabla ya nyama. Wateja wa vitenge anawaelekeza kitambaa wanachohitaji, na hawamwulizi. Mimi nilizoea mume anayepiga honi getini, anakula, analala, alfajiri namjazia chupa ya chai, anaenda. Sasa honi hakuna. Yupo tu.

Nijibu haya. Mkiwa njiani, akiwa hana mzigo wa kufikiria, anaongea nini? Akinyamaza, ananyamaza namna gani, ya hasira au ya kawaida? Anacheka? Niandikie vizuri, usiruke.

Sahra


Kisumu
29 Aprili 2025

Kwa Mama Fathia,

Salaam aleikum, na Idd iliyopita nakupa tena mkono kwa sababu ulinipa ule mfupi mfupi.

Tumefika. Miguu imevimba mpaka viatu vimekataa. Mzee amefurahi sana, ameona meli, ameona ile stoo ya sukari aliyokuwa akipakia, sasa ni kanisa. Mchana tuliingia hoteli kando ya maji, mimi nikasema nataka nyama. Wakaleta samaki mzima na kichwa chake, ananitazama. Mimi Mborana wa Korbesa nile kitu kinachonitazama? Nikamfunika uso na kipande cha ugali. Mhudumu alicheka mpaka akaenda kuwaita wenzake waje waone. Hersi naye alicheka. Ulitaka kujua anachekea nini, basi andika hapo: mimi.

Ulivyouliza mwezi wa kwanza sikukujibu vizuri, nakujibu sasa. Asubuhi haongei mpaka amalize chai. Chai yenyewe ataka tangawizi nyingi, sukari ya kuonja tu. Baada ya chai anataja milima. Huu ni fulani, ule ni fulani, hapa tairi lilipasuka, hapa fulani alipinduka na ng'ombe. Ukiitikia "ehe" inatosha, hahitaji zaidi. Kimya chake si cha hasira, ni cha mtu anayesikiliza gari kama lina ugonjwa. Akichoka anaimba chini chini na hajui kama anaimba. Nilimjua hivyo tangu zile siku nilipokuwa nachuuza mbuzi, napanda lori lake kutoka Merti nimekaa mbele kwa sababu juu ya mzigo naogopa. Hajabadilika hata kidogo.

Lakini abaayo, haya maswali. Hujaniuliza Kisumu ina nini, unauliza anavyotafuna. Ni wivu? Kama ni wivu sema tu, sitakasirika, nami ningekuwa nao. Kura imetoka mweupe mara ya pili na niliona uso wako, ulikaza kama mtu anayemeza dawa. Mimi safari ijayo naweza kujifanya nina homa. Kusema kweli ningependa. Mvua imenyesha Korbesa, dada yangu Sadiya anasema maziwa hayana mtu wa kuyanywa, na mimi niko hapa natazamana na samaki.

Niambie ukweli wako.

Abiba


Isiolo
4 Mei 2025

Abiba,

Wivu? Mimi? Nina miaka sitini na tatu na duka la kufungua saa mbili. Wivu nitauweka wapi.

Usijifanye mgonjwa. Homa ya uongo huwa inageuka ya kweli. Kura ikitoka mweupe ni Mungu ametaka mweupe, wewe ni nani umpangie? Nenda, tembea, Korbesa haiendi popote.

Miguu uipake mafuta ya simsim na uiinue ukilala.

Kuhusu tangawizi, mimi nilikuwa simwekei. Nilimwekea hiliki miaka yote na hakuwahi kusema kitu. Anapokaa mezani anakaa upande gani? Anapenda mtu akae mbele yake au kando? Na akiamka usiku anahitaji nini?

Koome wa basi amenihakikishia barua itakufikia kabla hamjaondoka. Fathia anakusalimu.

Sahra


Kakamega
24 Juni 2025

Sahra,

Leo sikuiti Mama Fathia. Salaam aleikum, lakini nimekasirika, ujue tangu mwanzo.

Tuko msituni. Miti ni mikubwa mpaka jua linaomba ruhusa, na nyani wanapita juu yetu kama wana mkutano. Jana mvua ilitukuta, tukakaa kwenye banda la walinzi, sisi wawili na mlinzi mmoja ambaye alikuwa amesinzia. Mimi nikaanza mchezo wangu. Nikamwambia Hersi, wewe una bahati mbaya, kila ukifumba macho unachomoa mimi, kibonge, mwenye magoti mabovu, mwenye kulalamika. Bila kunitazama akasema, "Si bahati, Abiba. Kikombeni zote mbili ni nyeupe."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akanieleza polepole. Kura ya Loiyangalani ilikuwa safi. Ya Kisumu, ulipoinuka kwenda kutoa chai jikoni, alirudisha buni kikombeni akaona ile iliyobaki. Uzi mweupe. Akadhani umekosea. Ya Kakamega akachungulia tena makusudi. Mweupe na mweupe. Wako haukuwemo.

Nikamwuliza kwa nini hukusema? Kwa nini hukugeuza hicho kikombe mezani? Sahra, naandika alivyosema, neno kwa neno, kwa sababu sijawahi kumsikia akiongea hivyo: "Mama Fathia hanitaki. Kumlazimisha siwezi, kumwaibisha sitaki. Nilisema nikinyamaza, siku atakayotaka ataweka uzi wake mwenyewe. Nangojea huo mwekundu."

Halafu akaanza kunionyesha nyani.

Mimi nilivyolia, mlinzi aliamka akaniuliza kama nimeumwa na siafu. Nalia kwa sababu ya Hersi, na nalia kwa sababu yangu pia. Umeniandikia kura ni Mungu. Nami nikaamini! Nikabeba magoti yangu hadi Kisumu, nikakosa mvua ya Korbesa, nikasema haya, Mungu amenitaka njiani. Kumbe ni wewe umenipakia garini kama gunia. Na haki ya kura si yako ya kuchezea, unajua hivyo kuliko mimi, wewe uliyesoma chuo cha Kurani na kuwafundisha watoto wetu wote. Ukimkosesha mtu uadilifu, ni yeye ataulizwa au wewe? Jibu hilo ukiwa peke yako.

Imebaki Loitokitok peke yake. Baada ya hapo gari ni la Abdirahim, na Hersi atakaa nyumbani mpaka Mungu amchukue, nusu ya siku hizo akiwa kwako, akijua humtaki. Utaweza kumpikia mtu wa namna hiyo? Mimi nisingeweza.

Kwa hivyo sikia. Mimi Loitokitok siendi. Hakuna kura, hakuna kikombe. Zamu yangu nakupa wewe, mbele yake, kwa mdomo wangu, na hilo mke anaruhusiwa. Ukiikataa, ikatae mbele ya uso wake na umwambie sababu. Mimi sitakuwa uzi wako tena.

Abiba


Isiolo
28 Juni 2025

Mama Abdirahim,

Waaleikum salaam. Nimesoma barua yako nimesimama dukani, nikafunga duka. Watu wamegonga, sikufungua.

Ulivyosema kuhusu kura ni kweli yote. Nimetubu kwa Mungu, na kwako naomba unisamehe, miguu na mvua na kila kitu.

Lakini hilo jingine si kweli. Simtaki? Abiba, mimi namwogopa.

Usicheke. Tulioana mwaka mmoja na mvua kubwa ya themanini na tatu. Siku ya tatu baada ya harusi akapata mzigo wa Moyale. Nimezaa watoto wanne na kila mara yuko barabarani, anakuja amebeba kitambaa na biskuti, anambeba mtoto, anapiga honi, anaenda. Sisemi kwa lawama, ndivyo nyumba hii ilivyopata kula, na baba zetu wote walikuwa hivyo. Lakini mimi nilikuwa mke wa mtu anayefika na mtu anayeondoka. Hapo katikati sijawahi kuwa. Najua kumpokea, najua kumfungia safari. Sijui kukaa naye.

Wewe ulimpata ndani ya lori. Kabla hajakuoa ulishakaa naye njia nzima kutoka Merti, mmecheka, mmekwama matopeni, mmelala njaa. Mlijuana kabla ya kuoana. Mimi nilimjua jina na ukoo.

Sasa amekuja nyumbani moja kwa moja na hatuna la kusema. Akiniuliza mambo ya chumvi namjibu vibaya kwa sababu najua hataki kujua chumvi, anatafuta maneno, na mimi nayatafuta, na hatuyapati. Jikoni naweza kugeuka nikaosha sufuria. Dukani kuna wateja. Ndani ya gari nitageukia wapi? Siku nzima, vioo vimefungwa, watu wawili wazee hawana neno. Halafu atajua. Atajua kwamba mke wake wa kwanza ni mgeni. Nilisema heri adhani nina bahati mbaya ya kura.

Yale maswali hayakuwa wivu. Nilikuwa najifunza. Kila barua yako niliisoma mpaka nikaishika kwa moyo, tangawizi, milima, wimbo. Nilijiambia nikimjua vya kutosha kwa karatasi, labda ya Loitokitok nitaweka uzi wangu. Wallahi niliukata tayari. Uko kwenye droo ya mikasi. Lakini sikuwa na hakika, na mpaka leo sina.

Hukuniambia kama ana uchungu. Ulisema alianza kukuonyesha nyani. Ana uchungu, Abiba?

Usimwambie nimeandika haya. Mkirudi sitajua niweke uso wangu wapi.

Sahra


Isiolo
2 Agosti 2025

Kwa Mama Fathia, huko Loitokitok,

Salaam aleikum. Barua yako ya mwezi wa sita sikuijibu kwa sababu siku ya pili yake tulikuwa tumerudi, na ulipofungua geti ulinitazama usoni tukajua yameisha. Lakini lile swali la mwisho nilibaki nalo. Ndiyo, alikuwa na uchungu. Alikuwa nao tangu Kisumu. Nadhani unajua sasa.

Mlipoondoka siku ile mlikuwa kama watu wawili wanaopelekwa kortini! Wewe umeshikilia mkoba kifuani, yeye amevaa ile kofia ya harusi za watu. Nilipompa mzee neno langu kwamba nakuachia zamu, ulivyosimama hapo mlangoni nilidhani utakimbia. Kumbe uliingia ndani ukaanza kufunga nguo. Ulifunga nguo nyingi kiasi kwamba Fathia aliniuliza kama mama yake anahama.

Mimi nimekaa. Naweka miguu juu ya stuli, nakunywa maziwa aliyoniletea Sadiya mwenyewe kutoka Korbesa, natazama barabara na siendi. Nimependa kukaa kuliko nilivyodhani mtu anaweza kupenda. Mbuzi nimewapeleka kwa jirani, pazia jipya ni la maua.

Sasa zamu yangu kuuliza. Anaongea nini? Akinyamaza ananyamaza namna gani? Anacheka? Andika vizuri, usiruke. Hata mimi naogopa kidogo kwa ajili yenu, nasema ukweli. Kila gari likipunguza mwendo getini nadhani ni nyinyi mmerudi katikati ya njia.

Nimempa Koome barua hii, anasema mwenzake Brian anapitia Emali na ataipeleka. Mtarudi Alhamisi kama mlivyosema? Nipike nyama au mtakula njiani?

Ni mimi,
Abiba


Loitokitok
5 Agosti 2025

Mama Abdirahim, abaayo,

Waaleikum salaam. Brian amefika na barua yako, ameikunja kama chapati lakini imesomeka.

Nakueleza kwa mpangilio kwa sababu najua utakasirika nikiruka.

Kutoka Isiolo mpaka Nanyuki alitaja milima. Nikaitikia "ehe". Nanyuki mpaka Nairobi alitaja matairi. Nikaitikia "ehe". Nairobi tulilala kwa binamu yangu Fahmo, huko watu walikuwa wengi, nikapumua. Siku ya pili tukashika barabara ya Mombasa na maneno yakamwisha. Kabisa. Nikangojea aimbe, hakuimba. Nikajua na yeye amekaza. Akafungua redio, nami nikanyoosha mkono kuifunga kwa sababu kichwa kiliniuma, tukagongana vidole, tukaombana msamaha kama watu wa benki. Kilomita na kilomita hivyo. Nilisema moyoni, basi, ni hili hasa nililoliogopa, na limekuja lenyewe.

Emali tuliingia hoteli. Mhudumu akauliza chai gani. Bila kufikiri nikamjibu, ya mzee weka tangawizi nyingi, sukari ya kuonja tu. Hersi akaweka kofia mezani. Akaniambia, "Umejuaje?" Nikamwambia nimejua tu. Mhudumu akamgeukia yeye: na ya mama? Abiba, alifungua mdomo, ukakaa wazi. Akanitazama, akamtazama yule msichana, akasema, "Sijui." Halafu akarudia kwa sauti yake ile ya kiziwi, hoteli nzima ikasikia: "Miaka yote hiyo nimeoa, na sijui chai ya mke wangu!"

Watu waligeuka. Siku nyingine ningetafuta shimo niingie. Lakini machozi yalikuwa yamemjaa machoni, mtu mzima, mbele ya mandazi. Nikamwambia, ya maziwa, bila sukari kabisa, na naipenda ikiwa imepoa. Akasema imepoa? Nani hunywa chai iliyopoa? Nikamwambia mtu ambaye kila asubuhi amejaza chupa ya mwenzake kwanza. Halafu akauliza, na wali unaupenda au unaupika tu? Na ukiwa peke yako unaongea na nani? Na Fathia alizaliwa saa ngapi, sikuwahi kuambiwa. Akaniuliza kutoka Emali mpaka hapa, gari likienda mwendo wa punda, malori yakitupigia honi.

Nikamwambia kuhusu buni. Nilisema yote, nikiangalia mbele. Nilisema sikukukataa, nilikuogopa. Akaegesha gari kando. Akasema, "Sahra, ile orodha niliandika kwa sababu sikujua nitakaaje nyumbani kwako. Niliona heri niwe natoka." Yaani yeye amepanga safari asikae na mimi, na mimi nimepanga kura nisisafiri na yeye! Tulicheka mpaka Mmasai mmoja mwenye mbuzi alisimama kutuangalia. Ulitaka kujua anachekea nini. Nami pia sasa, andika hapo.

Sikudanganyi kwamba sasa tunaongea kutwa. Kuna saa hatuna neno. Lakini kimya kimekuwa cha kawaida, na jana aliimba chini chini akikata kucha. Nilijifanya sisikii ili asiache.

Sasa mlima. Unajua ndio uliotuleta. Alikuwa akipakia vitunguu hapa, anafika gizani anaondoka gizani, na mara chache alizokuja mchana kulikuwa na mawingu. Amesema hatoki Loitokitok mpaka auone Kilimanjaro mzima, kutoka chini mpaka theluji. Tumefika Ijumaa. Kila asubuhi baada ya swala analala tena kidogo, halafu anatoka na kiti nje ya nyumba ya wageni, naketi kando yake, tunangoja. Mawingu. Jioni tena, mawingu. Mwenye nyumba anatuletea chai mbili, anajua ipi ni ya nani. Hersi anakasirikia mawingu kama yanamdai nauli. Mimi namtuliza, namwambia kesho.

Leo alfajiri yeye alipolala tena, mimi nilitoka peke yangu. Abiba, ulikuwa hapo. Wote. Hakuna wingu hata moja, umekaa juu ya mji mzima, theluji imeshika rangi ya waridi kwa jua, mkubwa mpaka nilirudi nyuma hatua moja. Nilisimama nikasema subhanallah. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa nimwite.

Sikumwita. Akiuona, safari imekwisha. Tunafunga nguo, tunarudi, na gari ni la Abdirahim. Nilisimama hapo mlangoni mpaka mawingu yakaurudia, ndipo nikaingia nikamwamsha. Akauliza, vipi leo? Nikamwambia, bado, hakuna kitu.

Mungu anisamehe, hilo ni langu na nitalijibu mwenyewe. Macho yake bado yanaona, na ule mlima hauhami. Nitamwita siku moja, inshallah, na nitashangaa pamoja naye kama sijawahi kuuona.

Alhamisi usipike. Hatuji.

Sahra